Vocha ya Mbolea Katikati ya Milio

Kwa mkulima wa Trans Nzoia, safari ya mbolea ya serikali huanzia kwenye simu. Tangu mwaka wa 2023, mkulima aliyesajiliwa hutumiwa ujumbe mfupi wenye vocha, kisha huenda nao hadi bohari ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, mjini Kitale au kituo kingine kilicho karibu naye. Mfuko wa kilo 50 ulianza kwa Sh3,500, ukashushwa hadi Sh2,500 mwaka huo huo, baada ya msimu wa 2022 ambapo bei madukani ilikuwa imepita Sh6,000. Ujumbe huo ni pesa, tena pesa zenye muda wake, kwa kuwa mvua ya kupanda mahindi haimngoji mtu. Lakini unapofika, unaingia katika kikasha kile kile kinachopokea ofa za bando, mikopo ya papo hapo na kampuni za kamari zinazokumbusha mechi ya jioni, na simu hutoa mlio ule ule kwa zote. Mwenye simu hujifunza kupuuza. Baada ya milio kumi isiyo na faida, wa kumi na moja hautazamwi, na huenda huo ndio uliobeba vocha.

Kutoka Kitale hadi Bungoma, watu wengi huacha kila kitu kilie kwa kuamini kwamba ndivyo wanavyokuwa macho. Imani hiyo inaeleweka. Simu hapa ni benki, ni duka, na ni tarumbeta ya msiba. Nani atathubutu kuiziba mdomo? Hoja yangu ni kwamba imani hiyo ina kasoro kubwa. Simu inayolilia kila kitu humfanya mwenyewe kiziwi kwa yale machache yanayomhusu, na mtu anayenyamazisha programu zake kwa mpango huwasikia watu wake vizuri zaidi kuliko jirani yake asiyenyamazisha chochote.

Utafiti upo wa kuunga mkono jambo hili. Mwaka wa 2015, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, waliwapa watu kazi inayohitaji umakini, kisha wakawatumia arifa. Waliosikia arifa walifanya makosa zaidi hata bila kuigusa simu. Mlio peke yake ulitosha kuipeleka akili kwingine. Mwaka uliofuata, Kostadin Kushlev na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 221 nchini Kanada walioishi wiki moja arifa zikiwa zimefunguliwa na wiki nyingine zikiwa zimezimwa; wiki ya milio ndipo waliporipoti kutotulia na kusahau zaidi. Hao ni wanafunzi, watu wa darasani na maktabani. Mhudumu wa bodaboda anayetoka Kanduyi na abiria mgongoni, simu ikitetema mfukoni kila baada ya muda mfupi, anaihitaji akili yake yote barabarani kuliko wao.

Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo hiyo hauwapi ushindi wanaohubiri kuzima kabisa. Mwaka wa 2019, Kushlev, Nicholas Fitz na wenzao walijaribu njia tofauti kwa watu 237 kwa wiki mbili. Waliopelekewa arifa zao kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walisema wana umakini zaidi, wana furaha zaidi na wanaimudu simu yao. Walionyimwa arifa zote hawakupata nafuu hiyo. Wasiwasi uliwazidi, wakawa na hofu ya kupitwa. Kwangu mimi haya ndiyo matokeo yenye uzito zaidi, kwa sababu yanamtetea mama wa Webuye anayekataa kuzima simu yake usiku. Wasiwasi wake una msingi. Kimya kisicho na mpango ni mzigo kama kelele.

Basi tuchukue pingamizi lake lilivyo: simu ikinyamaza usiku, habari ya msiba itanifikiaje? Jibu limo ndani ya simu yenyewe, katika Tecno, Infinix, Samsung na nyingine zinazotumia Android, chini ya mpangilio unaoitwa Usinisumbue. Humo mtu anaweza kuruhusu simu za watu aliowachagua tu: watoto, wazazi, ndugu, jirani anayechunga ng'ombe. Upo pia mpangilio wa kumruhusu anayepiga tena, ambapo mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia hata kama jina lake halimo katika orodha. Mwenye habari ya kifo hapigi mara moja akaenda kulala. Kampuni ya kamari, kwa upande wake, haina jina katika orodha hiyo. Kinachozuiwa ni ofa ya saa tano usiku, na ndugu anapita.

Mfanyabiashara ana pingamizi lake, nalo ni zito zaidi. Mwenye kibanda sokoni Chwele hawezi kumwachilia mteja aondoke na gunia la vitunguu kabla hajasikia ujumbe wa M-Pesa. Kwake kimya ni hasara. Lakini hakuna anayemtaka anyamazishe M-Pesa. Programu ya ujumbe ya simu nyingi za Android humwezesha mtu kumpa mtumaji mmoja mlio wake wa pekee. Mtumaji anayeitwa MPESA akipewa mlio usiofanana na mwingine wowote, na jumbe nyingine zikawekwa kimya, muuzaji hupata faida ambayo hakuitafuta. Tapeli anayetuma ujumbe bandia wa malipo kwa namba ya kawaida hawezi kuuamsha mlio ule. Macho yanaweza kudanganywa na maneno yaliyopangwa vizuri, hasa siku ya soko wateja wanapokuwa wengi. Mlio humwonya kabla hajasoma. Salio bado lazima likaguliwe, hilo halina mjadala.

Wapo watakaouliza kwa nini mzigo huu abebeshwe mwenye simu badala ya anayemsumbua. Nakubaliana nao nusu ya njia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake, na Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika na deni. Hatua za namna hiyo zinahitajika mara nyingi zaidi, hasa kwa ajili ya wanaotumia simu za kabambe, ambao hawana Usinisumbue wala mlio wa mtumaji mmoja. Hao ulinzi wao ni sheria, pamoja na namba ya STOP iliyo mwishoni mwa ujumbe wa matangazo, na ni haki yao kuitumia bila woga. Ila mwenye simu janja asingoje mahakama. Tangu Android 13 itoke mwaka wa 2022, programu mpya hulazimika kuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa, na wengi wetu hubonyeza Ruhusu ili tufike haraka tulikokuwa tukienda. Pale pale ndipo kelele inapoingilia, na tumeifungulia wenyewe.

Ugumu wa kweli uko kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu humo anayepiga kelele ni mtu wetu. Kundi la matanga lina habari tatu au nne za lazima: siku ya mazishi, gari linapoondokea, kiasi kilichobaki kulipia mochari. Kinacholifanya lilie siku nzima ni orodha ya michango inayobandikwa upya kila anapotoa mtu mmoja, pamoja na pole zinazofuatana. Agosti ya mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapotahiri, makundi ya namna hiyo huongezeka katika kila ukoo wa Bungoma. Kulinyamazisha kundi kwa saa nane au wiki moja si kuutupa ujamaa. Hakuna mwanakundi anayearifiwa, na ujumbe hubaki pale ukisubiri. Wasimamizi nao wana la kufanya. Wanaweza kuweka kundi moja la matangazo ambamo wao pekee ndio wanaoandika, na la pili la maongezi kwa anayetaka. Mweka hazina abandike orodha mara moja, saa mbili usiku, na anayetaka kujua kama mchango wake umefika ampigie.