Mabogini: siku za maji machafu

Ukishuka kusini kutoka Moshi mjini, mlima ukiuacha mgongoni, joto linazidi na migomba inaupisha mpunga. Huko Mabogini ndiko yanakoishia majitaka ya mji. Anayetarajia mitambo inayonguruma atashangaa kukuta mabwawa tu, yamepangwa moja baada ya jingine, maji yake kijani kibichi.

Kijani hicho humkera mgeni, na ndicho dawa yenyewe. Katika mabwawa ya namna hii, maji hutulia kwanza. Uchafu mzito huzama pamoja na mayai ya minyoo, na chini kusikofika hewa bakteria huanza kuula. Kisha maji huhamia bwawa lenye kina cha mita moja na nusu hivi, ambako mwani hutawala. Mchana mwani hutoa oksijeni wanayoihitaji bakteria wengine kuvunja uchafu uliobaki. Hapohapo hufyonza kaboni dioksaidi, hata pH ikaweza kupita 9, na vimelea vingi vya kuhara haviivumilii hali hiyo. Mabwawa ya mwisho hayana kina kirefu, ili jua lifike na kumalizia kazi. Rangi ya kuogopa ni waridi au zambarau: hapo bwawa limelishwa kuliko linavyoweza kusaga.

Yote haya ni kwa ajili ya pumzi ya mto. Kinyesi kibichi kikimwagwa mtoni, bakteria hukila huko huko na kuimaliza oksijeni, samaki wakakosa hewa. Ndiyo maana kiwango cha Tanzania kinataka maji yanayotolewa yasitumie zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo cha siku tano. Maji ya miteremko hii huteremkia bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua watu perege, na kutoka hapo huingia mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Lakini si yote yanayofika mtoni. Wakulima wa Mabogini huyaelekeza maji yaliyotoka mabwawani kwenye majaruba ya mpunga, maana bado yana naitrojeni na fosforasi, mbolea ambayo dukani wangeinunua kwa bei ya kuumiza. Mimi naona huo ni ulinzi mwingine wa mto: kinacholiwa na mpunga hakitalisha magugumaji. Ila mkulima huyo huingia jarubani pekupeku. Usalama wa miguu yake unategemea siku ambazo maji yamekaa bwawani, na siku hizo hupungua kimyakimya. Tope likirundikana chini, nafasi ya maji hupungua, nayo hupita haraka kabla hayajaiva. Kwa macho huoni tofauti. Bwawa ni lilelile, kijani kilekile. Kuondoa tope ni kazi chafu, ya gharama, isiyokatiwa utepe na kiongozi yeyote, na kwa hiyo ni rahisi kuahirishwa.

Halafu kuna nyumba zisizo na bomba la majitaka, ambazo katika miji yetu ndizo nyingi. Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya likapeleke mzigo mabwawani. Asiye nao, au asiyetaka kulipa, husubiri masika. Mvua kubwa ikishika usiku, hutoboa tundu na kutapisha choo kwenye mtaro. Majitaka hayo hayapiti Mabogini. Kufikia alfajiri, yako mtoni.