Mkulima asiyependa maneno mengi na soko la simuni

WAKULIMA wawili wa Daudi, wilayani Mbulu, wanaweza kuvuna vitunguu saumu vya aina moja, wiki moja, katika mashamba yanayopakana, lakini wakauza kwa bei tofauti. Mmoja anajuana na madereva wa malori, madalali na wenye vibanda vya sokoni Arusha. Mwingine huenda analima vizuri kuliko jirani yake, ila mkusanyiko wa watu humchosha, na akifika mnadani hutamani amalize haraka arudi nyumbani. Anayemfuata shambani na kumtajia bei ndiye anayemuuzia.

Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Katika semina za ujasiriamali tumezoea kumwambia mkulima ajichanganye na watu. Ushauri huo si mbaya, lakini unamfaa zaidi mtu ambaye tayari anapenda kujichanganya. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, aliandika mwaka 1921 kwamba wapo watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea ndani, na wengine huelekea nje. Wa ndani si mgonjwa, wala si lazima awe na haya. Anafikiri kwanza, anasema baadaye. Tatizo ni kwamba mnadani, kufika wakati amemaliza kufikiri, mnunuzi ameshaondoka.

Aidha, miongoni mwa Wairaqw, ambao ndio wenyeji wengi wa Mbulu, usemi mzuri una heshima yake. Mzee anayejua kuongoza slufay, yaani dua na baraka zinazotamkwa kwa mpangilio huku waliohudhuria wakiitikia, husikilizwa. Sina ugomvi na jambo hilo, tena ningependa vijana walijue zaidi. Lakini kuuza kilo 600 za vitunguu saumu hakuhitaji kipaji cha namna hiyo.

Kujuana kuna bei

Wachumi tumechelewa kidogo kuliona hili. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kuwa habari za kazi mara nyingi hazitoki kwa ndugu na marafiki wa karibu, bali kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali tu. Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 jambo hilo lilipimwa upya kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, na wale wa kufahamiana kwa mbali wakaonekana tena kuwa na msaada mkubwa katika kupata kazi.

Kwa mkulima wa Daudi maana yake ni hii: jirani, shemeji na mjumbe wa kijiji hawatakuletea bei mpya. Atakayekuletea ni mtu wa Arusha au Dar es Salaam ambaye labda mmeonana mara moja. Na mtu wa namna hiyo ndiye mkimya anayeshindwa kumhifadhi, kwa sababu kumpigia simu bila jambo la maana humpa tabu.

Simu yenyewe imekwisha kuthibitisha kazi yake. Mchumi Jenny Aker, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, aligundua kuwa simu za mkononi zilipoingia nchini Niger, tofauti ya bei ya nafaka kati ya soko na soko ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Gharama ya kujua bei ya mbali ilishuka, basi. Hakuna aliyelazimika kuwa mcheshi.

Somo la mashushushu

Hapa nyumbani tuna mfano ambao haukumbukwi inavyostahili. Mwaka 2005 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), kwa msaada wa Uswisi, ulianzisha Tanzania mradi ulioitwa First Mile, sambamba na programu ya serikali ya kuboresha masoko ya mazao. Wakulima walitoa watu kati yao wa kwenda masokoni kuchunguza bei, ubora unaotakiwa na nani ananunua, kisha kurudisha habari kijijini, mara nyingi kwa simu. Watu hao waliitwa mashushushu.

Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Shushushu hapigi kelele sokoni. Kazi yake ni kutazama, kusikiliza, kuuliza maswali machache na kukumbuka majibu. Kwa kazi hiyo mkimya hana upungufu wowote, pengine anamzidi msemaji, ambaye hutoka sokoni akiwa amesikika na watu wote lakini hakusikia kitu.

Enzi zile simu zilikuwa chache na meseji ilikuwa ndiyo teknolojia. Leo kila mkulima mwenye hata kitochi anaweza kuwa shushushu wa mazao yake mwenyewe.

Meseji kabla ya simu

Kwa maoni yangu, chombo cha kwanza si programu yoyote mpya. Ni meseji ya kawaida iliyoandikwa usiku, ikasomwa mara mbili, ikatumwa asubuhi. Mathalani:

"Habari za kazi, mama. Mimi ni mkulima wa vitunguu saumu, Daudi, Mbulu. Namba yako nimepewa na dereva aliyeleta mzigo Kilombero Jumamosi. Nina kilo 600, vimekaushwa vizuri, vichwa vya kati na vikubwa. Naomba kujua wiki hii unanunua kwa bei gani kwa kilo. Nitashukuru kwa jibu ukipata nafasi."

Angalia mambo yaliyomo. Mnunuzi anajua unatoka wapi, nani amekuelekeza, una kiasi gani na unataka nini. Hakuna maneno ya kuzunguka. Ukituma kwa wanunuzi watano, wawili wakijibu, una bei mbili za kulinganisha kabla dalali hajabisha hodi. Jibu la maandishi pia linabaki. Bei ya mdomoni hubadilika lori likishafika.

Hata hivyo, njia hii ina mazao yake. Mwenye nyanya hana muda wa kungoja meseji, kwa kuwa kila siku inayopita inamla. Kitunguu saumu kilichokaushwa na kuwekwa penye hewa hukaa miezi, na maharage vilevile yakihifadhiwa yasibunguliwe. Mazao hayo yanampa mkulima muda wa kufikiri, na muda ndio mtaji wa mtu mkimya. Tukifanya hesabu ya mfano tu, ongezeko la Sh500 kwa kilo katika kilo 600 ni Sh300,000. Hiyo ndiyo gharama ya kutojuana na mtu. Kinachoharibu ni Januari: ada ya shule ikifika, anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya yeyote aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo meseji zianze mara baada ya mavuno, si wiki ambayo fedha inahitajika.

Kundi lisikumeze

Wenye simu janja wana WhatsApp, na humo makundi ya wakulima na wafanyabiashara ni mengi. Kundi la watu 200 ni mnada mwingine. Salamu, vichekesho na ubishi wa mpira vinajaa hadi bei inapotea katikati. Usijilazimishe kuchangia. Zima mlio, pitia mara moja kwa siku, andika bei kwenye daftari, kisha mwandikie kando mtu mmoja aliyesema jambo la maana, ukimweleza kuwa namba umeipata kundini.

Ipo pia WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ambayo inakuruhusu kuweka picha za mazao na maelezo yake pamoja na majibu uliyoyaandaa mapema. Anayechoshwa na kujibu "bado ipo?" mara ishirini atapata nafuu. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi nayo inafaa, ila wengi hawajui kuwa ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Basi mwombe mnunuzi aihifadhi, kwa jina lenye zao na mahali: "Saumu Daudi" inatosha.

Maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, yana kelele za kumfukuza mkimya kabla ya saa sita mchana. Mtu wa namna hiyo achague mabanda matatu tu, achukue namba tatu, apige picha ya kila banda ili asisahau sura na jina, halafu meseji itoke jioni ile ile. Ikipita wiki, hata mwenye banda hamkumbuki tena.

Tahadhari ya fedha

Mtu wa mbali ni faida, lakini pia ndiye mwenye nafasi ya kukuibia. Meseji za "tuma kwa namba hii" kila Mtanzania anazifahamu. Mkulima asipakie mzigo kwa sababu ya meseji inayodai fedha zimeingia. Aangalie salio mwenyewe kupitia menyu ya mtandao wake. Mkimya hapa yuko hatarini zaidi, maana huona aibu kumwambia mnunuzi asubiri ahakikishe. Sentensi hiyo nayo iandikwe mapema na kuhifadhiwa simuni: "Naangalia salio, kisha tunapakia."

Na mzigo wa kwanza usiwe wote. Kilo 100 zinatosha kumpima mnunuzi mpya, zipimwe kwenye mizani mbele ya dereva, picha ya mizani itumwe Arusha kabla gari halijaondoka Daudi, na si kwa gunia la lumbesa ambalo kila mmoja atalihesabu kwa namna yake.