Viashiria vya Kimolekuli na Hatima ya Mgonjwa wa Saratani ya Kinywa

Madaktari wanaotibu saratani ya kinywa wamejua tangu zamani kwamba wagonjwa wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja, mahali pamoja ulimini, waliopasuliwa kwa namna moja, huweza kuwa na hatima zilizo mbali kabisa: mmoja akaishi miaka mingi bila ugonjwa kurudi, na mwingine akafariki mapema. Kutafuta sababu ya tofauti hiyo ndiko kulikozaa utafiti wa viashiria vya kimolekuli, yaani alama zilizomo katika jeni au protini za uvimbe, ambazo zikipimwa hudokeza mwenendo wa ugonjwa kabla haujajidhihirisha. Jambo hili linawahusu moja kwa moja watu wa pwani ya Ash Sharqiyah nchini Oman, kuanzia Sur hadi Ras al Hadd, kwani nchi hiyo ina tumbaku yake ya kuweka mdomoni, iitwayo afzal, inayouzwa kwa siri ingawa imepigwa marufuku, na ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos wameipima nikotini na metali nzito zilizomo. Tumbaku isiyovutwa, pamoja na popoo inayotafunwa katika tambuu, imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kipimo kinachotegemewa zaidi hadi leo ni hatua ya ugonjwa, ambayo hukadiriwa kwa ukubwa wa uvimbe, kina chake ndani ya nyama, na kuenea kwake katika tezi za shingo. Tezi hizo zikishaingiliwa, uwezekano wa mgonjwa kupona hupungua kwa takriban nusu. Hatua, hata hivyo, hueleza ugonjwa umefika wapi, wala haielezi una kasi gani, na pengo hilo ndilo ambalo viashiria vinatarajiwa kuliziba.

Kiashiria kilichochunguzwa kuliko vingine ni jeni iitwayo TP53, inayotengeneza protini ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike, au kuifisha ikiwa haitengenezeki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wagonjwa 420 wa saratani za kichwa na shingo, ulionyesha kwamba wale ambao jeni yao imeharibika kiasi cha kuvuruga umbo la protini hiyo waliishi muda mfupi zaidi. Lakini uchambuzi mkubwa wa uvimbe 279, uliotolewa Marekani mwaka 2015, ulikuta jeni hiyo imebadilika katika uvimbe takriban saba kati ya kila kumi, na alama inayoonekana kwa wengi kiasi hicho haiwezi peke yake kumpambanua atakayepona na asiyepona.

Kiashiria kilichofaulu kuingia katika upimaji wa hatua ni protini ya p16, ambayo huonyesha kwamba saratani imetokana na virusi vya papiloma, na wagonjwa wake huishi muda mrefu zaidi. Mafanikio hayo, hata hivyo, ni ya saratani ya koo, sehemu ya nyuma ya ulimi na tonsili. Saratani ya kinywa chenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na tumbaku, pombe na popoo, haina faida hiyo, na matokeo ya p16 hayapaswi kusomwa humo kwa maana ileile.

Ipo tofauti nyingine ambayo msomaji anapaswa kuishika. Kiashiria kimoja hutabiri tu hatima, na kingine humwelekeza daktari kwenye dawa. PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kujificha dhidi ya kinga ya mwili, ni ya aina ya pili: tangu mwaka 2019 kiwango chake hutumiwa kuchagua wagonjwa ambao, ugonjwa wao ukirudi au kuenea, watafaidika na dawa za kuamsha kinga. Kwa mgonjwa, aina hii ina manufaa zaidi, kwa sababu utabiri usiobadilisha matibabu humwongezea hofu bila kumwongezea siku.

Vipimo vingi vimejaribiwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, hali uchunguzi wa India uliochapishwa mwaka 2013, juu ya saratani ya fizi na shavu inayowapata watafunaji wa tumbaku, ulikuta jeni nyingine zilizobadilika mara kwa mara ambazo hazikuwa zikitajwa katika ugonjwa huo. Kwa hiyo alama zinazofaa kwa mvutaji wa sigara wa Ulaya hazina budi kuhakikiwa upya kwa mtumiaji wa afzal kabla ya kuaminiwa.

Huenda utabiri ukawa na thamani kubwa zaidi kabla saratani haijaanza. Baadhi ya mabaka meupe yasiyofutika mdomoni hugeuka saratani, na utafiti wa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba yale yaliyopoteza vipande vya kromosomu ya 3 na ya 9 yana hatari kubwa zaidi, ingawa dawa ya erlotinib iliyojaribiwa haikuweza kuizuia. Dawa ikiwa haijapatikana, bado lipo la kufanywa: mwenye baka la namna hiyo huweza kuacha tumbaku, kulichunguzisha, na likibidi likakatwa. Mkazi wa Ras al Hadd, aliye zaidi ya kilomita 200 kutoka hospitali kubwa za Maskati, hana haja ya kungoja maabara ya jeni ili aanze, kwani kidonda au baka lisilopona kwa wiki tatu linatosha kumpeleka kwa daktari wa meno.