Peni Nzito za Mwaka 1797

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za sarafu mbili za shaba nyekundu ambazo wakusanyaji wa fedha za kale huzipenda sana, nazo ni peni moja na peni mbili za Uingereza za mwaka 1797. Mtu azishikapo mara ya kwanza hustaajabia uzito wake, akauliza sababu ya kuwatwika watu fedha ya namna hii. Jibu ni kwamba uzito huo ulikuwa dawa ya udanganyifu.

Zamani za Mfalme George wa Tatu, kiwanda cha fedha cha serikali mjini London kiliacha kupiga sarafu za shaba baada ya mwaka 1775. Fedha ndogo zikawa haba, na wadanganyifu wakapata nafasi. Walipiga nusu-peni nyepesi zenye shaba kidogo, zikaenea masokoni. Walioumia zaidi ni maskini, maana ujira wao ulilipwa kwa fedha ndogo ndogo, na mwenye duka alipoikataa fedha mbaya, hasara ilikuwa ya kibarua.

Basi mwaka 1797 serikali ilimpa kazi hiyo Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na mji wa Birmingham. Yeye na mwenzake James Watt walikuwa mashuhuri kwa mitambo ya mvuke, naye aliitumia mitambo hiyo kupigia sarafu. Shauri lake lilikuwa kwamba thamani ya shaba iliyomo ikaribiane na thamani ya sarafu yenyewe, ili mwenye kughushi asipate faida. Peni moja ilipewa uzito wa wakia 1, na peni mbili wakia 2. Kwa hiyo peni 16 zilitimia ratili moja, na mwenye duka aliweza kuzitumia kama mawe ya mizani.

Peni moja ina upana wa milimita 36. Peni mbili ina upana wa milimita 41 na unene wa milimita 5. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme, na upande wa pili ameketi Britannia, yaani mwanamke aliye mfano wa nchi ya Uingereza, ameshika tawi la mzeituni na mkuki wa ncha tatu. Ukingo wake ni mpana, umeinuka, na herufi zimezama ndani yake zisilike upesi. Kwa ajili ya ukingo huo watu waliziita magurudumu ya gari.

Lakini unyofu wa sarafu hizi ndio ulioziponza. Bei ya shaba ilipopanda, wako walioziyeyusha ili kuiuza shaba yake. Peni iliyofuata, ya mwaka 1806, ilipunguzwa hata peni 24 zikawa ratili moja. Na mwaka 1860 shaba tupu iliachwa, ikatumiwa shaba iliyochanganywa na bati na zinki.

Mwenye kutaka kuzikusanya na ashike mambo matatu. Kwanza, apime uzito na upana. Ya kweli iliyotumika sana hupungua kidogo, bali iliyopungua mno yapasa kushukiwa. Pili, asiisugue kwa majivu na ndimu kama tusuguavyo sinia. Rangi ya kahawia iliyoipata kwa miaka mingi ndiyo inayotafutwa, na ikiisha kuondolewa hairudi, wala bei hairudi. Tatu, aandike alipoipata, lini, na kwa bei gani, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Habari hizi zina mkia uliofika kwetu. Mwaka 1850 mitambo ya Soho ilipigwa mnada, na baadhi yake ikanunuliwa na Ralph Heaton wa Birmingham. Kiwanda chake kilikuja kupiga fedha za nchi nyingi, na baadhi ya senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye tundu katikati, zina herufi H, alama ya kiwanda hicho. Sarafu hizo zimekwisha kuondolewa katika matumizi. Aliyeachiwa moja na babu yake na aitafute herufi hiyo, wala asiisugue kwanza.