KANGOMBA YA ELIMU

Sisi wakulima wa Makote, Newala na Masasi tunaijua kangomba. Mnunuzi anakuja nyumbani na kipimo chake na bei yake. Mwenye shida anauza. Baadaye anaona amepunjwa.

Elimu nayo ina kangomba yake. Tutazame mambo yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1944 Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari wake waliopigana Vita Kuu ya Pili. Iliwalipia ada na kuwapa fedha za kujikimu. Sheria hiyo ilikuwa nzuri. Askari zaidi ya milioni 7 walipata masomo au ufundi.

Lakini fedha hizo ziliwavuta wenye tamaa. Vyuo vingi vya watu binafsi vilifunguliwa haraka. Baadhi vilipokea ada lakini havikufundisha vizuri. Kwa hiyo mwaka 1952 sheria mpya iliweka mpaka. Katika kila wanafunzi 100 wa somo moja, wanaolipiwa na Serikali wasizidi 85. Masomo yakiwa mazuri, wengine watakubali kuyalipia wenyewe.

Tangu mwaka 1998 vyuo vya biashara viliwekewa mpaka mwingine. Katika kila dola 100 za mapato ya chuo, fedha za Serikali zisizidi 90. Lakini mpaka huo ulikuwa na tundu. Fedha za masomo ya askari hazikuhesabiwa kuwa za Serikali. Chuo kiliweza kujaza zile dola 10 kwa fedha za askari. Hivyo dola zote 100 zilitoka Serikalini. Ndiyo maana vyuo hivyo viliwawinda askari.

Vyama vya askari vilidai tundu lizibwe. Wenye vyuo nao waliwalipa watu wa kuwashawishi wabunge ili sheria isibadilike. Mvutano ulichukua miaka mingi. Mwaka 2016 chuo kimoja cha biashara, ITT, kilifunga ghafla matawi yake zaidi ya 100. Maelfu ya askari waliokuwa wakisoma humo waliachwa njiani. Tundu lilizibwa kwa sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika kwa vyuo mwaka 2023.

Tunajifunza nini? Fedha za masomo zisipolindwa, huliwa. Huku kwetu ada hutoka kwenye korosho, au kwenye mkopo ambao mtoto ataulipa baadaye. Vyuo binafsi vizuri vipo. Lakini kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Uliza kama chuo na masomo yake yanatambuliwa na NACTVET. Kama ni chuo kikuu, uliza TCU.

2. Zungumza na waliomaliza hapo. Je, wamepata kazi gani?

3. Dai stakabadhi kwa kila malipo.

Ukipunjwa, usinyamaze. Sema katika mkutano wa kijiji. Mwambie diwani na mbunge. Wenye vyuo wana watu wa kuwasemea. Sisi tukinyamaza, nani atatusemea?

Korosho tunazipima kwenye mizani ya chama. Chuo nacho tukipime kabla ya kutoa fedha.