Mkopo wa Elimu ya Juu: Je, Kijana wa Kiislamu Aombe?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa hapa Songea, Namtumbo na Tunduru huwajia masheikh na swali moja. Kijana amefaulu, lakini mahindi au korosho zilizouzwa hazifikii ada. Je, aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, au hiyo ni riba? Wapo wanaoacha chuo kwa kuiogopa riba, na wapo wanaotia saini bila ya kusoma. Wote wanahitaji maelezo.

Asili ya mkopo (qardh) ni wema na kusaidiana. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeamrisha deni liandikwe, haikulikataza. Kilichoharamishwa ni ziada iliyoshurutishwa juu ya deni. Abu Rafi' (R.A.) amepokea katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo, akalipa aliye bora zaidi. Ziada ile ilikuwa hisani, haikuwa sharti.

Basi tuyatazame masharti. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Wengi hudhani makato ya asilimia 15 ya mshahara ndiyo riba. Sivyo: hayo ni mafungu ya kulipia deni lenyewe. Penye mjadala ni mambo matatu yaliyoongezwa juu ya deni.

La kwanza ni tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Hoja yake ilikuwa kwamba shilingi hushuka. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait cha Desemba 1988, lilipitisha kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake, na haijuzu kulifunga na kupanda kwa bei. Jina zuri halibadilishi hukumu.

La pili ni adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Hii inafanana na riba ya Jahiliyya: lipa, au deni liongezeke. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaelekeza mwenye dhiki apewe muda.

Tarehe 1 Mei 2021, kwenye sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6, na mwezi huo huo Serikali ikatangaza kuiondoa ile adhabu. Kanuni ya fiqhi inasema hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Aliyekatazwa jana kwa ajili ya ziada hizo, leo suala lake litazamwe upya.

La tatu ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja. Baraza hilo, katika kikao cha Amman cha Oktoba 1986, liliruhusu ada ya huduma kwa sharti isizidi gharama halisi. Inayozidi ni riba. Kwa kuwa ada hii inafuata ukubwa wa mkopo, shubha haikosekani, kwani kazi ya kufungua jalada la mkopo mdogo na mkubwa ni moja. Hata hivyo haifanani na ziada inayokua kila mwaka.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mwenye uwezo asikope, wala asichukue nafasi ya fakiri. Mwenye haja ya kweli, akishausoma mkataba wa mwaka wake na asikute ziada ya riba, anaweza kuomba, akinuia kulipa. Mtume (S.A.W.) amefundisha katika hadithi ya Bukhari kwamba anayechukua mali za watu akikusudia kulipa, Allah humlipia, na katika Muslim, kwamba shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Anayenuia kuikimbia Bodi kwa kuwa ni mali ya Serikali, huyo amekula mali ya umma.

Tena asiseme uongo kwenye fomu. Kijana mwenye baba aliye hai kujiandika yatima ni ushahidi wa uongo, na mdhamini anayejua ni mshirika wake.

Mwisho, jukumu si la kijana peke yake. Maimamu, zaka inaweza kumfikia mwanafunzi fakiri katika fungu la mafakiri, na aliyelemewa na deni katika fungu la wadaiwa. Msikiti unaomkataza kijana mkopo umuulize pia atasoma kwa nini.

Wallahu a'alam.