Kuwapata Wauguzi kwa Mahojiano ya Utafiti kuhusu Kazi na Stadi zao za Kila Siku: Mazingira ya Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Tafiti kuhusu kazi ya uuguzi hutegemea maelezo ya wauguzi wenyewe. Hata hivyo, namna wauguzi hao wanavyopatikana kwa kawaida huelezwa kwa sentensi chache, kana kwamba ni suala la usafiri na ratiba. Makala haya yanafafanua kwa nini hatua hiyo ni sehemu ya mbinu ya utafiti, kwa kuzingatia mazingira ya Arua na Koboko katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba njia inayotumika kumfikia muuguzi huathiri kile atakachokieleza: anayeletwa na msimamizi wake huelezea kanuni za kazi, ilhali anayekuja kwa hiari na kwa usalama huweza kuielezea kazi yenyewe. Makala yanajadili lugha ya mwaliko, nafasi ya wasimamizi, uteuzi na idadi ya wahojiwa, lugha ya mazungumzo, pamoja na usiri, na yanahitimisha kwa maswali ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyauliza kabla ya kuyategemea matokeo ya utafiti wa aina hii.

Maneno makuu: uuguzi, stadi za kazi, uteuzi wa wahojiwa, ridhaa, West Nile

1.0 Utangulizi

Wizara inapopanga idadi ya wauguzi kwa kila kituo, na chuo kinapotunga mtaala, vyote viwili huhitaji kujua muuguzi anafanya nini hasa katika zamu yake. Rejista ya wodi huonyesha idadi ya waliolazwa na dawa zilizotolewa. Haionyeshi namna muuguzi alivyong'amua kwamba hali ya mtoto inabadilika kabla vipimo havijathibitisha, wala namna alivyoamua nani ahudumiwe kwanza pale wagonjwa kumi walipofika kwa wakati mmoja.

Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa kuuliza maswali ya jumla. Polanyi (1966) alionyesha kwamba ujuzi wa mtu huzidi kile anachoweza kukitamka. Benner (1984), akieleza safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi ubingwa, alitegemea masimulizi ya matukio halisi ya wodini, yakiwemo ya wauguzi wapya na wakufunzi wao waliohojiwa kila mmoja peke yake kuhusu hali zilezile. Kabla yake, Flanagan (1954) alikuwa ameratibu mbinu ya kumwomba mhojiwa asimulie tukio mahususi lililokuwa na uzito katika kazi yake. Mwaka 1993 Crandall na Getchell-Reiter walichapisha matokeo ya mahojiano na wauguzi wa watoto wachanga walio mahututi. Wauguzi hao walitaja dalili za maambukizi ya damu ambazo baadhi yake hazikuwa zimeandikwa katika maandiko ya kitabibu ya wakati huo.

Mafanikio hayo yana sharti moja: muuguzi awe huru kusimulia tukio jinsi lilivyotokea, pamoja na kusitasita kwake na hatua alizozichukua nje ya mwongozo. Uhuru huo huanza kujengwa, au kubomolewa, siku mwaliko unapotolewa.

2.0 Mazingira ya Arua na Koboko

Arua na Koboko zimeunganishwa na barabara ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua huhudumia wilaya za West Nile pamoja na wagonjwa wanaovuka mipaka hiyo miwili. Pembeni mwa mji wa Arua ipo Hospitali ya Kuluva ya Kanisa la Uganda. Koboko, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Arua hadi 2005, ina hospitali iliyokuwa kituo cha afya cha ngazi ya nne kabla ya kupandishwa hadhi, na makazi ya wakimbizi ya Lobule yanayopokea watu kutoka Kongo. Chini ya hospitali hizo vipo vituo vya ngazi ya nne, ya tatu na ya pili.

Tofauti ya ngazi ni tofauti ya kazi. Katika hospitali ya rufaa muuguzi ana daktari wa kumwita. Kituo cha ngazi ya tatu kwa utaratibu wa Uganda huongozwa na tabibu, si daktari. Usiku, mzigo wa uamuzi huweza kubaki kwa muuguzi au mkunga aliye zamuni. Vivyo hivyo, muuguzi aliyeajiriwa na serikali, wa hospitali ya kanisa na wa shirika linalohudumia wakimbizi kwa mkataba wa muda mfupi wanaweza kufanya kazi zinazofanana huku kila mmoja akimhofia bwana tofauti.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Madi-Okollo ilipata hadhi ya wilaya mwaka 2019. Mwaka uliofuata Arua ikawa jiji na Terego ikawa wilaya. Makazi ya Imvepi, ambayo ripoti za 2017 ziliyaweka Arua, sasa yamo Terego, na yale ya Rhino Camp yamegawanyika kati ya Terego na Madi-Okollo. Mtafiti anayetumia orodha ya zamani ya vituo vya "Arua" huweza kujikuta na kibali cha mamlaka moja mkononi na wahojiwa walio chini ya mamlaka nyingine.

3.0 Neno la mwaliko

Mwaliko wa mazungumzo kuhusu "stadi" za muuguzi husikika kwa maana zaidi ya moja. Katika eneo ambalo mashirika huajiri wauguzi kwa mikataba, kuitwa kwenye usaili kuhusu ujuzi wa kazi ni lugha ya kutafutiwa ajira. Muuguzi anayetafuta nafasi, au ambaye mkataba wake unakaribia kwisha, anaweza kuja na vyeti vyake mkononi. Atajieleza kama mwombaji kazi: atataja mafunzo aliyohudhuria na kuficha yanayomtatiza. Ridhaa yake pia itakuwa na kasoro, kwa kuwa amekubali akitarajia kitu ambacho mtafiti hana.

Maana ya pili ni ukaguzi. Kitenzi "kuhojiwa" hubeba harufu ya polisi na kamati ya nidhamu. Chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya 1996 muuguzi ni mtaalamu aliyesajiliwa na anayeweza kuwajibishwa na baraza lake. Akidhani kwamba umahiri wake unapimwa, atajibu kwa kukariri mwongozo.

Kwa hiyo, mwaliko unapaswa kuziondoa dhana zote mbili kwa maneno ya wazi: kwamba haya ni mazungumzo ya utafiti, kwamba hakuna ajira itakayotokana nayo, kwamba hakuna alama wala taarifa itakayopelekwa kwa mwajiri, na kwamba kinachotafutwa ni namna kazi inavyofanyika, si namna inavyotakiwa kufanyika. Ni vyema vilevile kueleza mfano wa swali, kwa mfano: "Tusimulie zamu ya hivi karibuni ambapo ulilazimika kuamua jambo gumu." Muuguzi akishalisikia swali la aina hiyo, huelewa mara moja kwamba vyeti havihitajiki.

4.0 Msimamizi: mtoa kibali na mteuzi

Hakuna utafiti halali unaoweza kuwaruka wasimamizi. Mwongozo wa taifa wa tafiti zinazohusisha binadamu, uliotolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda mwaka 2014, unadai idhini ya kamati ya maadili. Baada ya hapo hufuata vibali vya utawala, vya wilaya na vya hospitali. Kumsalimu Muuguzi Mkuu na kumweleza nia ni adabu na ni sharti.

Tatizo hujitokeza pale mtoa kibali anapogeuka mteuzi. Msimamizi akiombwa "wauguzi sita wazuri", atatoa wale anaowaamini, mara nyingi wazoefu wa semina na wenye Kiingereza fasaha. Watakaokosekana ni muuguzi mpya wa zamu za usiku, mwenye ugomvi na uongozi, na yule ambaye wodi haiwezi kumwachilia hata kwa saa moja. Huyo wa mwisho pengine ndiye mwenye mengi zaidi ya kueleza. Isitoshe, aliyeteuliwa na mkubwa wake hawezi kukataa kwa urahisi.

Njia iliyo salama ni kutenganisha hatua hizo mbili. Msimamizi anatoa kibali cha kuwafikia wauguzi wote. Mtafiti anatangaza utafiti wakati wa makabidhiano ya zamu, asubuhi na jioni, na kuacha karatasi yenye namba ya simu. Anayependa kushiriki hupiga au kutuma ujumbe mwenyewe, na msimamizi haambiwi nani amekubali na nani amekataa. Njia hii ni ya polepole. Pia huwapendelea wachangamfu, kwa hiyo inafaa iambatane na uteuzi wa makusudi unaojadiliwa hapa chini.

5.0 Nani, na wangapi

Swali la idadi hujibiwa mara nyingi kwa kurejelea Guest, Bunce na Johnson (2006), ambao katika uchambuzi wa mahojiano 60 na wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi waliona kwamba mada nyingi zilikwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Kigezo hicho kinafaa kundi linalofanana na swali lililo finyu. Wauguzi wa Arua na Koboko hawafanani. Malterud na wenzake (2016) wanatoa kipimo kinachofaa zaidi: kadiri lengo linavyokuwa mahususi na mazungumzo yanavyokuwa na kina, ndivyo wahojiwa wachache wanavyotosha, lengo likiwa pana, idadi iongezwe.

Kwa eneo hili, uteuzi unafaa kufuata kazi badala ya vyeo. Vigezo vinne vina uzito: ngazi ya kituo, aina ya mwajiri, zamu, na muda wa uzoefu. Ni busara pia kumteua muuguzi mpya na mzoefu wa wodi moja na kuwaomba, kila mmoja kwa faragha, wazungumzie aina moja ya tukio. Tofauti ya simulizi zao huonyesha kile ambacho uzoefu huongeza. Wasaidizi wa wauguzi wasisahauliwe: katika vituo vidogo wamo ndani ya kazi yenyewe, ingawa hawamo katika orodha ya baraza.

6.0 Lugha ya kazi na lugha ya mazungumzo

Wauguzi wa Uganda husomeshwa na kuandika kwa Kiingereza. Wodini mambo ni tofauti. Kilugbara huzungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Kongo, na Kikakwa huzungumzwa Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba vimeletwa na kudumishwa na biashara, jeshi na ukimbizi. Kati ya 1979 na katikati ya miaka ya 1980 wenyeji wengi wa West Nile wenyewe walikuwa wakimbizi nchi jirani. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Mipakani, Kiswahili kilikuwa kazini kabla ya maazimio hayo.

Kwa utafiti wa stadi, jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, utangazaji wa Kiingereza pekee huwavutia wale wanaojiamini katika Kiingereza, na mahojiano ya Kiingereza huita maneno ya kitabuni. Muuguzi apewe nafasi ya kuchagua lugha na kuchanganya lugha, na mwaliko useme hivyo. Pili, kutafsiri ni stadi ya kazi. Muuguzi anayemtafutia mgonjwa mkalimani huamua iwapo jamaa, mfanyausafi au mgonjwa mwingine anafaa kusikia swali kuhusu mimba au kuhusu kifua kikuu. Uamuzi huo hauingii katika rejista, wala hauhesabiwi katika mzigo wa kazi. Wauguzi wenye lugha nyingi wasipoteuliwa, sera itaendelea kudhani kwamba kazi hiyo haipo.

7.0 Muda, malipo na usiri

Mahojiano baada ya zamu ya usiku humkuta mtu amechoka. Ndani ya zamu huwaibia wagonjwa muda. Siku ya mapumziko inafaa zaidi, mradi nauli na fidia ya muda vilipwe. Kiwango kikubaliwe na kamati ya maadili na kiwe kimoja kwa wote. Kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukataa.

Usiri unadai uangalifu wa pekee. Kituo cha ngazi ya pili huwa na wauguzi wachache sana, pengine mmoja. Kuandika "muuguzi wa kituo cha ngazi ya pili, Koboko" ni sawa na kuandika jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda taarifa binafsi, lakini sheria haiwezi kufuta kile ambacho wasomaji wa wilaya tayari wanakijua. Ripoti inapaswa kutaja ngazi bila wilaya, au wilaya bila ngazi, na muuguzi aambiwe hivyo kabla ya kukubali. Tahadhari hii ina uzito hasa kwa matukio yanayokumbukwa na wengi, kama maandalizi ya mpakani wakati wa mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kumpata muuguzi ni hatua ya kwanza ya kumsikiliza. Mshauri wa sera anayepokea ripoti kuhusu stadi za wauguzi anafaa aulize mambo matano: Nani aliwachagua wahojiwa? Je, waliweza kukataa bila msimamizi kujua? Zamu za usiku na vituo vidogo viliwakilishwa? Mazungumzo yalikuwa kwa lugha gani? Wahojiwa waliahidiwa nini, na ahadi hiyo ilitimizwa? Ripoti isiyoweza kuyajibu inaweza bado kuwa na manufaa kama maelezo ya kanuni zinazofahamika. Haifai kuwa msingi wa kupunguza idadi ya wauguzi katika kituo, wala wa kuondoa somo katika mtaala, kwa kuwa kazi ambayo haikusimuliwa bado inafanywa na mtu fulani, usiku, bila msaidizi.